Hatuhitaji Apu Nyingine ya Kuripoti Ajali

Najua nimepotea kwa muda, na kuna wale mnaoniuliza sehemu ya pili ya ile makala ya Python imefika wapi. Itakuja, msinipige mawe. Leo kuna jambo linanikera, na nisipolitoa sitapata usingizi.

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kuwa mwamuzi kwenye hakathoni ya wanafunzi. Vilikuwa vikundi tisa. Vinne kati ya hivyo vilileta kitu kilekile: apu ya kuripoti ajali za barabarani. Unabonyeza kitufe chekundu, simu inapiga picha, ramani inafunguka, nukta inawaka. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikabaki nimeshika tama, kwa sababu apu hiyo naijua kuliko hata walioileta. Niliiunda mimi mwenyewe mwaka 2019, ukiwa ndio mradi wangu wa mwisho wa shahada ya sayansi ya tarakilishi. Nilipewa A. Ilipakuliwa na watu 41, nusu yao jamaa zangu niliowalazimisha. Ripoti za ajali zilizoingia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mimi nikijaribu mitambo, ya pili ilikuwa rafiki yangu akinitania.

Kwa hivyo ninaposema hatuhitaji apu nyingine, sisemi kwa dharau. Nimekwisha kuipita njia hiyo na nimeona inakoishia. Shida ya rekodi zetu za ajali haiko pale wengi wetu tunapodhani iko.

Ajali moja, jeraha dogo

Mwaka 2021 binamu yangu, mtoto wa shangazi, aligongwa na gari akivuka barabara kuu mbele ya soko la kwetu. Ilikuwa jioni, saa moja hivi. Mwendesha boda boda mmoja na kijana wa dukani walimbeba katikati yao hadi hospitali iliyo karibu. Usiku huohuo akahamishiwa hospitali kubwa zaidi. Akakaa wodini, akaongea na mama yake, akala uji, tukadhani amepona. Siku ya 19 akafariki.

Baada ya arubaini kupita, shangazi aliniita kando. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma mambo ya kompyuta. Niandikie barua hao watu wa barabara waweke matuta pale sokoni. Watoto wa shule wanavuka palepale." Nikaandika. Barua ikajibiwa, tena kwa adabu na kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Jibu lilisema kwamba wameangalia rekodi za miaka mitatu na katika sehemu hiyo kuna ajali moja tu, ya jeraha dogo. Kwa hiyo mahali hapo hapajafikia kiwango cha kuwekewa matuta wala kivuko.

Ajali moja, jeraha dogo. Nilifuatilia tarehe. Lile "jeraha dogo" lilikuwa binamu yangu.

Sitataja hospitali, kituo cha polisi wala ofisi iliyojibu barua, na sababu si woga. Nilipokwenda kuuliza kila mahali, niligundua kwamba hakuna hata mmoja aliyeandika uongo. Askari walifika pale sokoni wakati majeruhi amekwisha kuondolewa. Waliambiwa mguu umeumia na kijana amepelekwa hospitali akiongea. Wakaandika walichoambiwa. Hospitali ya kwanza iliandika "RTA", yaani ajali ya barabarani, ikamhamisha mgonjwa. Hospitali ya pili ilimpokea mgonjwa kutoka hospitali nyingine, ikaandika jeraha la kichwa. Mochari ikaandika kilichosemwa na wodi. Kibali cha mazishi kikatoka. Ukilifungua kila daftari peke yake, lina ukweli. Ukiyaweka pamoja, serikali inaamini kwamba binamu yangu anachechemea mahali fulani.

Niliketi na wazee wa soko nikawauliza ni nani wengine waliofia pale. Walihesabu kwa vidole, wakitaja majina. Wakamaliza mkono wa kwanza, wakaanza wa pili.

Nambari mbili za nchi moja

Msifikiri haya ni ya kijiji chetu tu. Takwimu rasmi za Kenya za mwaka 2016 zilisema watu 2,965 walikufa barabarani. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba waliokufa mwaka huohuo wa 2016 ni 13,463. Ripoti iliyotangulia, ya mwaka 2015, ilikuwa na pengo kama hilo: vifo 3,191 rasmi vya mwaka 2013, dhidi ya makadirio ya 12,891. Yaani kwa kila aliyeandikwa, huenda kuna watatu na zaidi ambao hawakuandikwa.

Kabla hamjakimbilia kusema kwamba serikali inaficha maiti, tulieni kidogo. Hakuna mtu wa WHO aliyezunguka Kenya akahesabu maiti 13,463. Hiyo ni nambari ya modeli ya kitakwimu. Kwa kuwa usajili wetu wa vifo na sababu zake haujakamilika, wao huchukua mambo kama idadi ya watu, magari na kipato, wakakadiria. Inawezekana kabisa wamezidisha. Inawezekana pia sisi tumepunguza. Mimi sikasirishwi na nambari gani iko karibu na ukweli. Nakasirishwa na kwamba baina ya nambari hizo mbili kuna watu 10,498, na hakuna daftari lolote nchini linaloweza kutuamulia kama walikuwepo au hawakuwepo.

Tazameni pia nambari za karibuni. NTSA ilitangaza vifo 4,324 kwa mwaka 2023, na 4,748 kwa mwaka 2024. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 10. Magazeti yalilia, redio zikalia, wanasiasa wakalaumu madereva. Mimi nauliza swali la mtu wa data: je, ni watu zaidi waliokufa, au ni vifo zaidi vilivyoandikwa? Kama mfumo hausemi ni sehemu gani ya vifo huwa unaikosa, swali hilo halina jibu.

Hapa kuna mtego mbaya. Kamanda au mkurugenzi atakayeboresha rekodi kwa bidii ataonekana amezidisha vifo. Atakayezembea atapongezwa kwa kupunguza ajali. Tukiendelea kusherehekea nambari kushuka bila kuuliza zimeandikwaje, tunawafundisha watu kutoandika.

Siku 30

Katika takwimu za kimataifa, aliyekufa kwa ajali ya barabarani ni yule aliyekufa papo hapo au ndani ya siku 30 kutokana na ajali hiyo. Si kila nchi ilianza hivyo. Ufaransa ilikuwa ikihesabu siku 6 tu hadi ilipohamia siku 30 mwaka 2005. Ili kulinganisha nchi, wataalamu hutumia vizidisho. Anayehesabu waliokufa papo hapo au ndani ya saa 24, idadi yake huzidishwa kwa 1.30. Anayehesabu siku 3 huzidishwa kwa 1.15, na siku 7 kwa 1.08. Maana yake ni kwamba ukifunga daftari lako siku ya kwanza, vifo vya siku 29 zilizobaki havitaonekana popote.

Binamu yangu alikufa siku ya 19. Kwa kanuni hiyo alistahili kuhesabiwa bila mjadala. Lakini kanuni haina miguu. Haiwezi kutoka wodini ikatembea hadi kituoni kumwambia askari, "Yule wa sokoni amefariki, badilisha." Lazima awepo mtu, au programu, ambaye kazi yake ni kubeba habari hiyo. Kwetu kazi hiyo haikuwa ya mtu yeyote, na mwisho wa yote iliachiwa shangazi yangu, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwa kazi yake.

Kwa nini ujanja wetu hautoshi

Najua kuna mtu tayari anaandika maoni kwamba akili bandia italimaliza jambo hili. Haya, tuzungumze. Kuna utafiti mzuri sana wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la PLOS ONE na watafiti wakiwemo wa Benki ya Dunia. Walikusanya jumbe 874,588 za Twitter kuhusu hali ya barabara, wakaifunza mashine kutambua ni zipi zinazotaja ajali na ni wapi. Wakapata ripoti 32,991 za kati ya 2012 na 2020, ambazo baada ya kuunganisha zile za tukio moja zikawa ajali 22,872. Kisha wakatuma waendesha pikipiki waende kuhakikisha baadhi yake hapohapo zinapotokea. Mashine ilikuwa sahihi kwa asilimia 92. Nusu ya ajali hizo zilitokea kwenye sehemu za barabara zisizofika hata asilimia 1 ya mtandao wote wa barabara za jiji.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena. Nusu ya ajali, chini ya asilimia 1 ya barabara. Ukijua ajali zinatokea wapi hasa, huhitaji kurekebisha nchi nzima ili kuokoa watu wengi. Hiyo ndiyo thamani ya kuandika mahali vizuri, na nawavulia kofia waliofanya kazi ile.

Lakini tuwe wakweli. Kwanza, Twitter ni mali ya watu. Mwaka 2023 kampuni hiyo, ambayo leo inaitwa X, iliufunga mlango wa bure ambao programu nyingi zilikuwa zikiutumia kuchota jumbe. Huwezi kujenga takwimu za taifa kwenye ua wa jirani anayeweza kufunga lango siku yoyote. Pili, mwenye gari aliyekwama kwenye foleni huandika kuhusu foleni. Soko la shangazi halina foleni, kwa hiyo halina jumbe. Tatu, na hili ndilo kubwa, ujumbe wa mtandaoni unajua ajali imetokea lakini haujui majeruhi alilala wodi gani na aliamka au hakuamka. Apu za vikundi vile vinne zina ugonjwa huohuo. Zote zinaishia barabarani. Rekodi zetu zinapotea baada ya barabara.

Madaftari yasiyosalimiana

Hebu tuangalie tulicho nacho. Polisi wana kitabu cha matukio, OB, na wana fomu ya ajali ya P41. Hospitali zina faili na rejista. Wizara ya Afya ina mfumo wa DHIS2 ambao Kenya imekuwa ikiutumia nchi nzima tangu 2011. Usajili wa vifo una fomu zake. Kampuni za bima zina madai. Hatuna uhaba wa kuandika. Askari mmoja anaweza kuandika ajali moja mara nne: kwenye OB, kwenye P41, kwenye abstrakti ya mwenye gari na kwenye faili ya mahakama. Ukimletea apu ya tano, atakutazama kama mtu aliyemletea mzigo wa kuni kichwani.

Tatizo ni kwamba madaftari haya hayana kitu kinachoyaunganisha. Waliosoma hifadhidata wanajua kitu hicho: ufunguo. Jedwali mbili zisizo na ufunguo wa pamoja ni marundo mawili ya karatasi, hata zikiwa ndani ya seva ya milioni ngapi. Ripoti za mwezi za DHIS2 ni jumla: majeruhi wangapi wa ajali za barabarani walihudumiwa. Jumla ni nzuri kwa kupanga dawa, lakini huwezi kuiuliza, "Je, yule wa tarehe fulani, wa pale sokoni, yumo humu?"

Nilijaribu kuunganisha kwa majina. Mwaka jana nilipata kibarua cha kusaidia hospitali moja kuingiza rejista za karatasi kwenye tarakilishi, na kwa ruhusa nikajaribu kuzilinganisha na orodha ya ajali ya eneo hilo. Jamani, niliona maajabu. Ng'ang'a kwenye orodha moja ni Nganga kwenye nyingine. Kwa tarakilishi hizo ni herufi mbili za tofauti, na kuna programu ambazo alama ya ' huzikata jina katikati. Mohamed na Muhammad zina tofauti ya hatua tatu, na wote ni mtu mmoja kitandani. Ile algoriti ya Soundex inayokuja na hifadhidata nyingi ilipewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya Kiingereza. Haijui kwamba mgonjwa aliyeandikwa "Mama Brayo" ana kitambulisho chenye jina jingine. Na wale walioandikwa "mwanamume asiyejulikana" utawalinganisha na nini?

Hata msimbo wa ugonjwa hausaidii ukiandikwa nusu. Katika ICD-10, S06 husema ubongo umeumia. Haisemi kama mgonjwa alianguka kutoka kwenye mwembe au aligongwa na lori. Cha kusema hivyo ni misimbo ya V: V01 hadi V09 kwa mtembea kwa miguu, V20 hadi V29 kwa aliye kwenye pikipiki. Karani akiandika S06 peke yake, ajali imetoweka na kimebaki kichwa kilichovunjika.

Hesabu ya samaki

Kuna faida nyingine ya kuunganisha orodha ambayo wengi hawaijui. Ukiwa na orodha mbili unaweza kukadiria hata wale ambao hawamo kwenye orodha yoyote. Ni hesabu ya kale ya kuhesabu samaki ziwani: unavua, unatia alama, unarudisha, unavua tena, unaangalia wangapi wa mara ya pili wana alama.

Tuchukue mfano wa kubuni. Polisi wana vifo 40 vya kaunti fulani. Hospitali na mochari zina vifo 60. Walio kwenye orodha zote mbili ni 20. Kwa hiyo majina tofauti tuliyo nayo ni 80. Lakini hospitali ilipata 20 kati ya 40 wa polisi, yaani nusu. Kama hospitali hupata nusu ya vifo vyote, basi vifo vyote ni kama 40 mara 60 gawanya kwa 20, yaani 120. Kuna 40 ambao hakuna aliyewaandika.

Hesabu hii ina masharti. Orodha mbili ziwe hazitegemeani, na ulinganishaji uwe sahihi. Ukikosa kumtambua Nganga kuwa ni Ng'ang'a, wale 20 wa pamoja wanapungua na jumla inavimba kwa uongo. Ndiyo maana ufunguo ni muhimu kuliko algoriti yoyote.

Ninachodai

Sitaki kulalamika tu. Haya ndiyo ninayodai, na hakuna hata moja linalohitaji roketi.

Moja: nambari moja ya tukio. Ajali ikitokea ipewe nambari, na nambari hiyo iandikwe kwenye P41, kwenye faili ya hospitali, kwenye barua ya kuhamisha mgonjwa, mochari na kwenye kibali cha mazishi. Majeruhi akiletwa na boda boda bila polisi, hospitali ndiyo iitoe nambari na kituo kijulishwe kwa ujumbe mfupi. Hata simu ya kitufe inaweza.

Mbili: rekodi isifungwe siku ya kwanza. Ifunguliwe tena siku ya 7 na siku ya 30. Mfumo umkumbushe karani: huyu yuko wapi sasa? Ameruhusiwa, amehamishwa, amefariki? Jibu lirudi hadi kwenye rekodi ya polisi.

Tatu: mahali paandikwe kwa latitudo na longitudo. "Karibu na stegi" si mahali. Stegi ya kwetu ina majina matatu kutegemea unamuuliza kondakta wa matatu gani. Simu yoyote yenye GPS chini ya anga wazi hukupa mahali kwa mita chache.

Nne: tutenganishe ukweli na lawama. Askari aliyefika kwa dakika kumi anatakiwa kuchagua sababu, na mara nyingi lawama humwangukia dereva au anayevuka. Iandikwe kwanza kilichoonekana: nani alikuwa nani, gari la aina gani, kulikuwa na mwanga au giza, kofia ya pikipiki ilikuwepo, kivuko kilikuwepo. Ukiandika "alivuka ovyo" hutajua kamwe kwamba hapakuwa na mahali pa kuvukia.

Tano: data itolewe kwa umma. Si jumla ya mwaka kwenye mkutano wa waandishi, bali safu moja kwa kila ajali, bila majina, kila mwezi, na kila marekebisho yaonekane. Uingereza hukusanya rekodi za ajali kupitia polisi kwa utaratibu unaoitwa STATS19, na mtu yeyote anaweza kupakua faili akaona tarehe, mahali na uzito wa kila ajali. Hata wao hukiri wazi kwamba majeruhi wengi hawafiki kwa polisi. Sweden ina STRADA, inayounganisha taarifa za polisi na za hospitali. Na kwa wanaodhani mfumo lazima tuuanze sifuri, kuna DRIVER, programu huria iliyodhaminiwa na Benki ya Dunia na kuanza kutumika Ufilipino. Msimbo wake uko wazi. Usome kwanza kabla ya kuandika wako.

Najua mtakachosema

Mtasema kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za afya ni nyeti. Kweli kabisa, na naiunga mkono sheria hiyo. Lakini nambari ya tukio si jina. Sheria inalinda mtu, haikatazi kuhesabu watu, na matumizi ya kitakwimu yana nafasi yake ndani yake kwa masharti. Aliye na wasiwasi wa kweli kuhusu faragha ataanza na rejista za karatasi zinazolala wazi kwenye meza za mapokezi.

Mtasema vituo vya mashambani havina intaneti. Basi mfumo uhifadhi kwenye simu na utume mtandao ukipatikana. Hilo tunalifanya kwa apu za kuuza maziwa.

Mtasema polisi wana kazi nyingi. Ndiyo, kwa sababu tunawaandikisha jambo moja mara nne. Andika mara moja, chapisha mara nne. Hapo ndipo ujuzi wetu sisi waundaji programu unapohitajika, lakini kazi hiyo haina kitufe chekundu na haishindi hakathoni. Ni kazi ya kukaa na karani wa rekodi wiki nzima ukiangalia anavyoandika, kunywa chai yake, na kujua kwa nini safu ya saba ya fomu huachwa wazi kila siku.

Vijana wa vile vikundi vinne niliwaambia hayohayo baada ya zawadi kutolewa. Watatu walinuna. Mmoja, msichana wa mwaka wa pili, aliniuliza karani wa namna hiyo anapatikana wapi. Nimempeleka kwa ninayemjua, na wameanza na jambo dogo kabisa: mhuri wa kawaida wa mpira wenye nafasi ya nambari ya tukio, unaogongwa kwenye faili ya kila majeruhi wa barabarani. Bado hakuna tarakilishi hata moja ndani yake. Mpaka sasa ndiyo teknolojia bora ya ajali niliyoiona.

Wewe unayesoma hapa, kama unafanya kazi hospitalini, kituoni, bima au kwenye kaunti, niandikie uniambie nambari yenu inaanzia wapi na inaishia wapi. Na kama umempoteza mtu baada ya siku kadhaa wodini, nenda na kibali cha mazishi kituoni ajali ilikoandikwa, uombe rekodi irekebishwe. Haikupaswa kuwa kazi yako, lakini kwa sasa hakuna mwingine wa kuifanya. Shangazi alikwenda mwezi uliopita. Aliambiwa arudi na barua ya daktari, na barua anayo. Jumatatu nampeleka.

Nawasilisha.